Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: binti yangu alikuja na maumivu ya miguu, akaondoka na kifua

Kwa Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Wilaya (jina nalihifadhi),
Kanda ya Ziwa, Tanzania.

Nakala: Mganga Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Mwenyekiti wa Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri.

YAH: KUWALINDA WATOTO DHIDI YA MAFUA NDANI YA HOSPITALI KABLA YA KIPUPWE

Ndugu Daktari,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Maneno hayo nimekwisha kukuandikia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti mwaka jana. Karani wa masjala alinigongea muhuri kwenye nakala yangu, nayo ninayo hadi leo ndani ya bahasha ya kaki. Mara ya pili ilikuwa Oktoba, na nakala yake ina muhuri vilevile. Katikati ya barua hizo nilionana na Muuguzi Mfawidhi, akanisikiliza vizuri, akaniambia "tutalifanyia kazi". Nilitumbukiza karatasi kwenye sanduku la maoni pia, ingawa nilipolitazama kwa karibu niliona kufuli lake limeshika kutu kiasi kwamba anayetaka kusoma maoni yetu itabidi aje na msumeno wa chuma. Namba ya malalamiko iliyobandikwa ukutani nimeipiga mara nne, haipatikani.

Sasa ni Aprili, masika yanaelekea ukingoni. Najua mafua huku kwetu hayana kalenda kama ya Ulaya, yapo mwaka mzima. Ila kuanzia Juni alfajiri zikianza kuuma, vumbi likatimka na watu wakafunga madirisha, wewe mwenyewe unajua wodi ya watoto inavyokuwa. Nimeona nikikusubiri tena mpaka Juni nitakuwa nimechelewa, kama nilivyochelewa mwaka jana.

Jina la hospitali sikulitaja, na nawaomba wanaonifahamu wasilitaje. Wapo wauguzi pale ambao bila wao mwanangu nisingekuwa naye leo, na sitaki mtu yeyote aitwe ofisini kuulizwa nani kazungumza na mzazi. Tena nina uhakika wazazi wa wilaya nyingine tatu nne watasoma hapa wakidhani nimeandika habari za hospitali yao.

Acha nieleze kilichotokea, kwa kifupi kadiri nitakavyoweza.

Binti yangu ana miaka sita na ana selimundu. Kwa asiyejua, ni ugonjwa wa kurithi wa damu: seli nyekundu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa ambayo mtu mzima asingeyavumilia. Nchi yetu inakadiriwa kupata takriban watoto 11,000 wa namna hii kila mwaka, na ukanda wetu wa ziwa ni kati ya sehemu zenye wagonjwa wengi. Kwa watoto hawa bandama huacha kufanya kazi yake mapema, hivyo maambukizi ambayo mwenzake angeyashinda kwa kulala siku mbili, yeye yanaweza kumuua. Mafua yakishuka kifuani mwake, oksijeni ya damu hupungua, na oksijeni ikipungua seli huzidi kujikunja, zikijikunja mapafu huziba. Ni mduara, na ukishaanza kuzunguka daktari hukimbia.

Jumatatu moja ya Julai mwaka jana tulimleta usiku akilia miguu. Tulipokewa vizuri, nasema kwa haki. Alitundikiwa maji, akapewa dawa ya maumivu, kipimo cha malaria kikatoka hasi. Jumatano alikuwa anacheka, anadai chipsi. Daktari wa zamu akaniambia Ijumaa mtakwenda nyumbani.

Lakini usiku wa Jumanne alikuwa ameletwa mtoto mwingine, wa miaka miwili hivi, anakohoa, kamasi zinamtoka, macho mekundu. Vitanda vilikuwa vimejaa, akawekwa kitanda kimoja na binti yangu, wakalala mzungu wa nne. Mama yake nami tukagawana ncha mbili za kitanda hichohicho, tukazungumza habari za bei ya dagaa mpaka usingizi ukatuchukua. Simlaumu hata kidogo. Alileta mtoto mgonjwa hospitali, alitaka ampeleke wapi?

Ijumaa asubuhi, wakati nafungasha, binti yangu alipiga chafya. Jumamosi homa ilifika 39. Jumapili kabla ya adhana ya alfajiri nilimwona mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na ile mashine ya kubana kidoleni, inayopima oksijeni ya damu, ikasoma asilimia 86. Tulirudi kitanda kilekile tulichotaka kukiacha. Oksijeni siku nne, damu chupa moja, jumla siku kumi na moja zaidi.

Naweza kuthibitisha kwamba aliambukizwa pale? Siwezi. Hakuna aliyempima kirusi, na kipimo chenyewe sikukiona. Naweza tu kuhesabu. Homa ya mafua huchukua siku moja hadi nne tangu virusi viingie hadi dalili zitokee. Toka Jumanne usiku hadi Ijumaa asubuhi ni siku ngapi, Daktari?

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Benchi la mapokezi ya watoto.

Benchi ni moja, refu, limepakwa rangi ya bluu iliyobanduka pale watu wanapokalia. Kuanzia saa moja asubuhi hukaa hapo mtoto mwenye homa, mwenye kuhara, mwenye kikohozi cha wiki mbili, mtoto wa utapiamlo aliyekuja kuchukua chakula dawa, mtoto wa kliniki ya VVU, na Alhamisi sisi wa selimundu. Mama aliyejifungua mwezi uliopita naye hukaa hapohapo akisubiri mizani. Daktari huanza kuona watu yapata saa tatu. Hayo ni masaa mawili ya kukoholeana, juu ya vichwa vyetu kukiwa na bango kubwa lililoandikwa KINGA NI BORA KULIKO TIBA.

Hapa nataka nikueleze jambo ambalo huenda hukulijua. Mwaka juzi alikuwepo sista mmoja zamu ya asubuhi. Sista huyo, bila kuagizwa na mtu, alikuwa akifika anapita kwenye benchi lote na swali moja: "Nani mwanawe anakohoa?" Waliojibu ndiyo aliwahamishia nje, chini ya mwembe, ambako alikuwa ameomba viti vya plastiki kutoka ukumbi wa mikutano. Aliandika namba kwenye vipande vya karatasi ili aliye mwembeni asipoteze foleni, maana hicho ndicho watu walichokuwa wanakiogopa, kupoteza foleni, wala si jua. Watoto wa selimundu na wa utapiamlo aliwaingiza kwanza. Mvua ikinyesha wa mwembeni walihamia barazani upande wa duka la dawa. Ilimchukua kama robo saa kila asubuhi. Akina mama walimnung'unikia wiki ya kwanza. Wiki ya tatu ukifika na mtoto anayekohoa unakwenda mwenyewe mwembeni.

Alipokwenda likizo viti vilirudi ukumbini. Aliporudi alikuwa amepangiwa wodi ya wazazi. Mwembe upo.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu kila nikizungumzia jambo hili naambiwa kuhusu fedha. Viti vilikuwa vya hospitali na karatasi ilikuwa ya daftari.

2. Watoto wawili kitanda kimoja.

Najua upungufu wa vitanda hukuuleta wewe, na sikudai ujenge wodi kesho. Swali langu ni nani anaamua nani alale na nani. Kwa nilivyoona, anaamua mtoto aliyeingia: pale penye nafasi ndipo anapowekwa. Usiku ule wa Jumanne walikuwepo wodini, nikihesabu kwa haraka, watoto wasiopungua watano wanaokohoa, wawili kati yao wakiwa peke yao kitandani. Yule aliyeletwa usiku angeweza kulazwa na mkohozi mwenzake. Hakuna aliyeuliza.

Ikibidi walale wawili, basi wenye kifua walale na wenye kifua, upande mmoja wa wodi, karibu na dirisha. Wenye mifupa iliyovunjika, walioungua, wenye selimundu, wenye saratani wanaosubiri rufaa, wakae upande mwingine, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isiwe chini ya mita moja. Upande wa ukutani vitanda vyetu vimebanana kiasi kwamba muuguzi hupita ubavu.

3. Hewa.

Jengo la wodi ya watoto ni la zamani. Wazee wanasema lilikuwepo kabla ya Uhuru. Lilikuwa na dari ya juu, madirisha marefu ya mbao yanayofunguka yote, na juu yake matundu ya hewa yenye wavu. Miaka michache iliyopita lilikarabatiwa. Tulifurahi, likapendeza. Dari ikashushwa, matundu yakafunikwa, yakawekwa madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata ukiyafungua kabisa nusu yake inabaki kioo. Mawili ya upande wa barabara yamefungwa kwa skrubu, nikaambiwa ni kwa ajili ya wezi.

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali nane za jiji la Lima, Peru. Watafiti walipima hewa ya vyumba vya wagonjwa madirisha na milango ikiwa wazi. Majengo ya zaidi ya miaka 50, yenye madirisha makubwa na dari ndefu, yalibadilisha hewa mara 40 kwa saa. Ya kisasa yaliambulia 17. Nilipoelezwa habari hizo nilikumbuka lile tundu ambalo fundi alilifunika kwa ubao mweupe pale juu ya kitanda namba sita.

Naelewa kwamba alfajiri ya Julai hakuna mama atakayekubali dirisha wazi juu ya kichwa cha mtoto. Mimi pia nililifunga. Ndiyo maana matundu ya juu yaliwekwa na waliojenga: hewa chafu ipandie huko, mtoto asipigwe na upepo. Kuyafungua ni kazi ya fundi mmoja na ngazi. Na mchana, jua likishapanda, madirisha yafunguliwe kwa amri ya wodi, yasiachiwe mzazi aliye karibu na kitasa.

4. Ndoo.

Mlangoni mwa wodi kuna ndoo ya koki, ile ya maji tiririka, imeandikwa kwa kalamu nzito NAWA MIKONO. Ililetwa Machi 2020 korona ilipoingia nchini. Wakati ule ilijazwa asubuhi na jioni, na sabuni ya maji ikaning'inizwa kwa kamba isiibwe. Hofu ikapita, ndoo ikakauka. Machi 2023 Marburg ilipotangazwa Kagera, ndoo ikajazwa tena. Mlinzi alikuwa hamruhusu hata mchungaji kupita bila kunawa. Ikapita. Januari 2025 Marburg ilipotokea Biharamulo, ndoo ikafufuka kwa mara ya tatu, wiki chache tu.

Julai mwaka jana, binti yangu akiwa kwenye oksijeni, niliinua kifuniko cha ndoo ile nikitafuta maji. Ndani mlikuwa na brashi ya choo na dekio.

Daktari, Marburg inastahili hofu. Lakini kwa kila mtoto mmoja wa wilaya hii atakayeikaribia Marburg, mamia wanapata nimonia na mafua kila mwaka. Kama ndoo inaweza kujazwa kwa ajili ya ugonjwa ulio mbali, inashindikanaje kwa uliomo wodini?

Na kwa watumishi: sinki la chumba cha wauguzi lina bomba linalotoa maji siku tatu kwa wiki. Muuguzi mmoja ana watoto arobaini usiku. Hata angekuwa malaika hawezi kwenda kisimani kati ya mtoto na mtoto. Angekuwa na chupa ya kitakasa mikono mfukoni, ingemchukua sekunde 20 hadi 30. Shirika la Afya Duniani limetoa hadharani namna ya kukichanganya kitakasa hicho hospitalini: spiriti, haidrojeni peroksaidi kidogo, gliserini, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Mfamasia wako anaujua mchanganyiko huo kuliko mimi.

5. Barakoa ya mvuke.

Mashine ya mvuke ya wodi, ile ya kumvutisha mtoto dawa, ni moja na barakoa yake ya mtoto ni moja. Nimekaa mbele yake siku nne, naweza kuichora. Mpira wake umelegea, umefungwa fundo. Mtoto akimaliza huvuliwa, barakoa hukung'utwa mara mbili hewani, akavishwa anayefuata, na kama ni asubuhi ya baridi unaona ukungu wa pumzi ya aliyetangulia bado umo ndani. Ile mashine ya kidoleni nayo hutoka kidole hiki kuingia kile. Virusi vya homa ya mafua vinaweza kukaa juu ya plastiki au chuma siku nzima na zaidi.

Naomba barakoa za akiba, zioshwe, ziloweshwe kwenye dawa na kukaushwa kati ya mtoto na mtoto. Na pamba yenye spiriti kwa ajili ya kile kifaa cha kidole. Kama barakoa za akiba hazipo bohari, tuambieni wazazi. Nilishanunua bomba la sindano, glovu na kanula kwenye duka la nje, barakoa isingenishinda.

6. Watumishi wanaokuja kazini wakiwa wagonjwa.

Hili nalisema kwa huruma. Siku ya tatu ya kulazwa kwetu, aliyetuhudumia usiku alikuwa na mafua kuliko watoto. Alijifunga kanga usoni. Nilipompa pole alinijibu, "Nikikosa, nani atakaa hapa?" Mtu mzima mwenye homa ya mafua huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajajiona mgonjwa, na huendelea hadi siku tano au saba. Ratiba isiyo na mtu wa akiba inamleta kwenye wodi ya watoto siku hizo zote. Kama hakuna wa kumbadili kabisa, basi apewe barakoa ya kweli, apangiwe kazi mbali na wachanga na njiti.

7. Wageni.

Saa sita na saa kumi jioni getini hupita yeyote, wa umri wowote, kwa idadi yoyote. Hapa na mimi ni mkosaji. Mpwa wangu alikuja kumjulia hali binti yangu akiwa na kamasi hadi mdomoni, nikampokea na kumkalisha kitandani. Tumelelewa hivyo, mgonjwa asiyetembelewa ni kama hana kwao. Lakini mlinzi akituzuia kwa utaratibu unaoeleweka, wageni wawili kwa zamu, watoto wadogo na wenye mafua wabaki nje, tutanung'unika na kuzoea, kama tulivyozoea mwembe.

Sasa nijibu niliyokwisha kujibiwa, tusirudie.

Nimeambiwa mafua ni ya kawaida, kila mtoto huyapata. Kweli. Binti yangu mwenyewe kayapata mara nyingi nyumbani. Ila wodini hawalali "kila mtoto", wanalala wale ambao tayari wana jambo jingine. Mtoto wa miezi miwili ana njia ya hewa nyembamba kama mrija wa soda. Kirusi kinachoitwa RSV, ambacho kwa kaka yake ni mafua tu, kwake kinaweza kumziba pumzi.

Nimeambiwa watoto wamechanjwa chanjo ya nimonia. Ni kweli, nchi yetu inaitoa tangu 2013, na binti yangu kamaliza dozi zote. Kadi yake ninayo. Chanjo ile inazuia bakteria. Haizuii homa ya mafua wala RSV. Chanjo ya homa ya mafua haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto wetu, na hata nchi zinazoitoa hazimpi mtoto wa chini ya miezi sita. Humchanja mama akiwa mjamzito. Kwa hiyo kwa mchanga wa wodi yako kinga iliyopo ni nafasi, hewa na mikono ya watu.

Nimeambiwa wazazi hawasikii. Wengine hawasikii. Lakini mwembe ulisikilizwa.

Nimeambiwa fedha. Katika mambo saba niliyoorodhesha, nimejaribu kutenga yanayohitaji fedha: barakoa za akiba, spiriti na gliserini, fundi wa matundu, na maji. Maji najua ni vita kati ya hospitali na mamlaka ya maji, na sikulaumu kwa hilo. Yaliyobaki, yaani swali la sista, nani alale na nani, skrubu mbili za dirisha, ndoo, wageni wawili, yanangoja tangazo la ukurasa mmoja lenye saini yako.

Na nimeambiwa, si na wewe bali na mtu wa ofisini kwako, kwamba kama sikuridhika nimpeleke mtoto hospitali binafsi. Hilo silijibu.

Ninachoomba, Daktari, ni haya.

Kwanza, kabla ya Mei 31, utaratibu wa mwembeni urudishwe kwa waraka rasmi, usitegemee moyo wa mtu mmoja. Kliniki ya Alhamisi ya selimundu ipewe chumba chake au saa yake, tusisubiri na wanaokohoa. Wakati huohuo wodi igawanywe upande wa kifua na upande mwingine, na muuguzi wa zamu apewe mamlaka ya kuhamisha mtoto hata saa nane za usiku.

Pili, matundu ya hewa yafunguliwe na skrubu zitolewe kabla ya Juni. Nondo za kuzuia wezi wazazi wa kliniki tuko tayari kuchangia. Nimekwisha kuuliza kwa fundi wa kuchomelea hapa mtaani, na watu kumi na wanne wameniandikia majina yao.

Tatu, ateuliwe mtumishi mmoja mwenye jina na namba ya simu inayopatikana, wa kusimamia udhibiti wa maambukizi katika wodi ya watoto kuanzia Juni hadi Agosti. Abandike mlangoni kila wiki idadi ya watoto walioingia bila mafua wakayapata wakiwa ndani. Pasipo kuhesabu tutabaki tunabishana, mimi na siku zangu za vidole, ninyi na "haiwezi kuthibitishwa".

Nne, ombi hili ni la kupitisha kwa walio juu yako: Bodi na Mganga Mkuu wa Wilaya wapeleke pendekezo mkoani na wizarani juu ya chanjo ya homa ya mafua kwa watumishi wa wodi za watoto, wajawazito, na watoto wenye selimundu. Shirika la Afya Duniani limewataja watumishi wa afya, wajawazito na wenye magonjwa sugu miongoni mwa wanaopaswa kufikiriwa kwanza. Najua halitaamuliwa mwaka huu. Liandikwe tu, ligongwe muhuri.

Sihitaji kuombwa radhi. Sitafuti fidia. Binti yangu yuko shule, darasa la kwanza, na wiki iliyopita alirudi na nyota kwenye daftari la hesabu. Yule mtoto wa miaka miwili naye alipona; mama yake tulikutana sokoni, tukachekeana, akaniongezea fungu la dagaa.

Kliniki yetu ijayo ni Alhamisi ya kwanza ya Mei. Nitafika saa moja asubuhi kama kawaida, na bahasha yangu ya kaki. Ukipita pale kwenye benchi la bluu utaniona. Na kama viti vitakuwa vimetoka ukumbini, nitakuwa wa kwanza kusaidia kuvipanga.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, kliniki ya Alhamisi